Kuni za Karura

Mvua ilinikuta langoni, upande wa Limuru Road, nikilipa kiingilio. Ilikuwa Aprili, masika yamekolea, na walioingia asubuhi hiyo tulikuwa wachache. Mama alipojua kwamba ninalipa pesa kuingia Karura, alicheka, halafu akanyamaza. Alikulia katika kijiji cha pembezoni mwa msitu, ng'ambo ya pili, na alipokuwa msichana aliingia na kamba begani kutafuta kuni. "Tuliogopa," aliniambia, "lakini nyumbani hakukuwa na moto."

Udongo wa Karura ni mwekundu, na ukilowa unapanda na kiatu mpaka mguu unakuwa mzito. Nilifuata nguzo zenye nambari kwenye njia panda, nikielekea kwenye maporomoko. Kwanza unapita kwenye mikalitusi iliyosimama kwa safu, kama wanafunzi gwarideni. Mti huo uliletwa nchini mwanzoni mwa karne ya 20 ili kulisha injini za reli, na mwaka 1932 serikali ya kikoloni ikautangaza msitu huu kuwa hifadhi. Mbele kidogo safu zinavunjika, unaona mihugu na mugumo mmoja mnene, maji yakitiririka kwenye shina lake. Mgeni huviita vyote "mazingira asilia". Mimi, labda kwa sababu ya somo langu, naona maamuzi ya watu.

Tasnifu yangu inahusu miezi michache tu ya msitu huu. Mwaka 1998 ilijulikana kwamba sehemu za Karura zilikuwa zimegawiwa watu binafsi ili wajenge, na miti ilikuwa imeanza kuangushwa. Wangari Maathai na Green Belt Movement wakaja na miche. Tarehe 8 Januari 1999, alipokuja tena kupanda akiwa na wabunge na waandishi wa habari, walivamiwa na kundi la wanaume wenye silaha. Maathai alipigwa kichwani. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha taarifa, alitia sahihi kwa alama ya X, kwa damu yake mwenyewe. Mwezi huo huo wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani na kupambana na polisi, na Agosti Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Haya yote yamo magazetini, na nimeyasoma mpaka macho yakauma. Wamo wabunge, wanafunzi, askari, wanasheria. Katika kurasa nilizosoma sijamwona mtu mwenye kamba begani. Nilipomuuliza mama anakumbuka nini kuhusu Januari ile, alisema waliambiana wasiende msituni wiki hiyo, basi wakapikia mabua ya mahindi. Nimeandika jibu hilo kwenye daftari na bado sijajua liingie sura ipi.

Baadaye ulikuja uzio wa umeme, kazi ya wakazi wa jirani pamoja na Huduma ya Misitu, na siwezi kuusema vibaya. Mahali palipokuwa pakisifika kwa majambazi na maiti, leo msichana anakimbia peke yake saa kumi na mbili asubuhi. Hata mimi nisingethubutu kutembea humu bila uzio huo. Ila kuni sasa zina kibali chake, na mama, tangu uzio uwekwe, hajawahi kukanyaga ndani.

Karibu na maporomoko nilikuta tawi kubwa la mkalitusi limeanguka njiani, nene kama paja. Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, ukinguruma hivi kwamba sikusikia simu ikilia. Nikapiga picha mbili, moja ya maji, moja ya lile tawi, nikamtumia mama.

Ya maji hakuijibu. Chini ya ile nyingine aliandika: "Hizo ni kuni za wiki nzima. Mbona zimeachwa?"