Nani Aaminiwe? Msaada wa Kisheria England na Wales, Kutoka Fomu ya Kijani hadi Mtandaoni

Bunge la Uingereza lilipopitisha Sheria ya Msaada na Ushauri wa Kisheria mwaka 1949, liliacha swali moja ambalo halijapata jibu la kudumu hadi leo: nani aaminiwe kusema kwamba mtu huyu hana uwezo, na kwamba kesi yake ina mashiko ya kutosha kugharimiwa na fedha za umma? Wengi husimulia historia ya msaada huo kwa kufuata bajeti, lini iliongezwa na lini ilikatwa. Bajeti ina uzito wake. Hata hivyo, ukiyafuatilia makaratasi yenyewe, nani alijaza fomu, nani aliidhinisha, nani alitunza jalada, utaona kwamba kila mageuzi ya utawala yaligusa imani baina ya serikali na wakili. Mfumo wa mtandaoni ambao mawakili wa England na Wales hutumia kusimamia kesi za msaada (Scotland ina utaratibu wake) ni matokeo ya mabadiliko hayo ya miongo mingi. Hoja yangu ni kwamba mfumo huo, ulioletwa kwa ahadi ya kurahisisha kazi, umemfanya wakili kuwa karani wa serikali huku ukimnyima sehemu kubwa ya uamuzi aliokuwa nao zamani.

Kabla ya sheria hiyo, maskini wa Uingereza aliyetaka kushtaki au kujitetea katika kesi ya madai alitegemea hisani. Kulikuwa na utaratibu wa watu maskini ulioanza mwaka 1914, ambao mawakili waliufanyia kazi bila ujira, na Vita Kuu ya Pili ilipovunja ndoa nyingi, mzigo wa talaka peke yake uliuelemea. Kamati ya Rushcliffe, iliyotoa ripoti yake mwaka 1945, ilipendekeza serikali ilipe lakini wanasheria waendeshe. Ndivyo ilivyokuwa. Msaada ulipoanza kutolewa mwaka 1950, kipato cha mwombaji kilipimwa na bodi ya serikali ya ustawi, na ubora wa kesi ukapimwa na kamati za mawakili wa eneo husika chini ya Law Society, chama cha mawakili. Fedha zilitoka hazina, ila aliyeamua kama kesi inastahili alikuwa mtu aliyezijua mahakama za mji ule. Mwanzoni msaada ulihusu mahakama za juu tu, mahakama za wilaya zikafuata mwaka 1956.

Kilele cha imani kilikuja mwaka 1973 na kile ambacho mawakili wenyewe walikiita Fomu ya Kijani. Mteja aliingia ofisini, wakili akamuuliza mapato na akiba yake, akaandika majibu kwenye karatasi ya kijani, mteja akatia saini, na ushauri ukaanza hapohapo. Hapakuwa na kusubiri kibali. Wakili ndiye aliyepima kipato, akafanya kazi mpaka kikomo kidogo cha gharama, kisha akadai malipo. Mpangaji aliyepewa notisi ya kuhama au mama aliyezuiwa kuwaona watoto wake aliweza kupata barua ya wakili siku ileile. Sioni jambo jingine katika historia hii yote lililoifikisha sheria karibu zaidi na mtu wa kawaida, na liliwezekana kwa sababu serikali ilikubali kuamini kwanza na kukagua baadaye. Gharama zilipopanda, imani hiyo ilianza kupunguzwa kidogo kidogo. Mwaka 1989 usimamizi uliondolewa mikononi mwa Law Society ukapewa Bodi ya Msaada wa Kisheria. Mwaka 2000 ikaja Tume ya Huduma za Kisheria, na mikataba ikabana: ofisi isiyo na mkataba haikuweza tena kufanya kazi hiyo, na majalada yalikaguliwa ukurasa kwa ukurasa.

Aprili 2013 mambo mawili yalikutana. Sheria iliyopitishwa mwaka 2012 iliondoa katika msaada sehemu kubwa ya kesi za ndoa na watoto baina ya watu binafsi, madeni, ajira, mafao ya jamii na uhamiaji usiohusu hifadhi ya ukimbizi. Wakati huohuo Tume ilivunjwa, nafasi yake ikachukuliwa na Wakala wa Msaada wa Kisheria ulio ndani ya Wizara ya Sheria. Wakala huo ndio ulioeneza mfumo wa mtandaoni unaojulikana kwa herufi CCMS, ambao baada ya kuahirishwa ukawa wa lazima kwa maombi mapya ya kesi za madai tarehe 1 Aprili 2016. Tangu hapo wakili huingia kwa nywila, akafungua ombi na kujibu mfululizo wa maswali kuhusu mshahara, akaunti za benki, nyumba, mwenza na wategemezi wa mteja. Hueleza kesi na kuchagua kiwango cha matumaini ya kushinda, ambacho kanuni zimekigawa kwa asilimia: kuanzia 80 ni mazuri sana, chini ya 45 ni hafifu. Kisha hupakia hati za mshahara na taarifa za benki. Cheti kikitoka kinakuja na mipaka miwili, wa hatua anazoruhusiwa kufanya na wa gharama, na akitaka kuvuka wowote kati ya hiyo anarudi mtandaoni kuomba marekebisho. Madai ya malipo hupita humohumo. Hata mzazi ambaye halmashauri imekwenda mahakamani kumchukua mtoto wake, ambaye sheria inampa msaada bila kujali kipato wala ubora wa kesi, lazima ombi lake lifunguliwe kwenye mfumo. Kazi ambayo zamani ilikuwa ya karani wa masijala imehamia kwenye meza ya wakili, na mawakili wamelalamika tangu mwanzo kwamba saa hizo hazilipwi.

Anayeutetea mfumo ana hoja za kweli, na haifai kuzipita. Kamati za zamani zilikuwa za wanasheria wakiwaamulia wanasheria wenzao, na mwombaji aliyekataliwa hakuona kwa urahisi kwa nini. Karatasi zilipotea katika posta. Fedha ni za umma, na Fomu ya Kijani ilipata lawama kwamba baadhi ya ofisi zilijaza fomu nyingi kuliko kazi waliyofanya. Rekodi ya kielektroniki inaonyesha nani aliamua nini na lini, na wakili anaona hatua ya ombi lake bila kupiga simu. Nayakubali yote hayo. Ninachokataa ni dhana kwamba uwazi huo ulihitaji kila uamuzi mdogo upande juu kabla ya kazi kuanza. Udanganyifu katika Fomu ya Kijani ungeweza kugunduliwa kwa ukaguzi wa baada ya kazi, na ukaguzi huo ulikuwepo tayari. Kumzuia kila wakili mlangoni kwa sababu ya wachache waliodanganya kunamwadhibu zaidi mteja, maana yeye ndiye mwenye tarehe ya mahakama.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote ulikuja mwaka 2025. Tarehe 23 Aprili Wakala uligundua kwamba wadukuzi wameingia kwenye mitambo yake ya mtandaoni. Mwezi Mei serikali ilitangaza kwamba taarifa za watu walioomba msaada tangu mwaka 2010 zilikuwa zimechukuliwa kwa wingi: anwani, tarehe za kuzaliwa, namba za utambulisho, historia za jinai, madeni na malipo. Kumbuka walikuwa kina nani: watu waliokimbia waume wenye ngumi, wakimbizi, washtakiwa, wazazi walionyang'anywa watoto. Walitakiwa kufunua kila shilingi ya maisha yao ili waaminiwe, na taasisi iliyodai ufunuo huo ilikuwa bado imeyashika majibu yao miaka 15 baadaye. Mitambo ilizimwa kwa miezi. Na ilipozimwa, kesi ziliendeleaje? Wakala uliwaruhusu mawakili kutumia kwa upana madaraka waliyokasimiwa, wakaamua wenyewe nani apewe msaada, na ukaweka malipo ya wastani kwa kuangalia walichokuwa wakilipwa kabla. Dharura ilirudisha, bila mjadala mrefu bungeni, kitu kilichofanana sana na Fomu ya Kijani. Kama mawakili waliaminika wakati wa balaa, ni vigumu kueleza kwa nini hawakuaminika katika miaka ya utulivu.

Atakayesema kwamba hatua za dharura haziwezi kuwa kanuni ana sehemu ya haki. Malipo ya wastani hayaendani na kazi halisi, na uamuzi usio na kumbukumbu ni hatari kwa mteja na kwa hazina. Lakini kasoro hizo zinatibika kwa kumbukumbu fupi na ukaguzi wa sampuli, wakati kasoro ya kukusanya siri za maelfu kwa maelfu ya wanyonge mahali pamoja haikutibika mpaka ilipokwisha kuwaumiza.

Jambo hili linatuhusu Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa kuwa tunajenga sasa kile ambacho wenzetu wamekijenga na kukivunja mara kadhaa. Kenya ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, Tanzania ina yake ya mwaka 2017 iliyowatambua wasaidizi wa kisheria walio karibu na wananchi, na mahakama za nchi zote mbili zimehamia kwenye kusajili mashauri kwa njia ya mtandao. Mifumo ya kusimamia msaada wenyewe itafuata, na wataalamu watakaoichora wapo kazini leo. Waandike katika kanuni, kabla ya kununua mtambo wowote, kwamba wakili au msaidizi wa kisheria aliye mbele ya mteja anaweza kuanza kazi ya dharura bila kibali cha makao makuu, kwamba karatasi itapokelewa pale mtandao usipofika, na kwamba taarifa za mwombaji zitafutwa kesi yake ikishafungwa na muda wa ukaguzi kupita.