Waya Uliopita Mbele Yetu

Neno simu lilikuwa waya kabla halijawa kifaa cha mfukoni. Asili yake ni Kiajemi: sim ni fedha, yale madini, na pia ni waya. Mwaka 1879 Eastern and South African Telegraph Company ilitandaza kebo chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, ikaendelea Msumbiji na kufika Durban. Watu wa pwani walihitaji jina la kitu hicho kinachobeba maneno bila mbeba, wakakiita simu. Telegramu ilikuwa simu kwanza, na telefoni ilipokuja baadaye ikarithi jina.

Tazama ramani ya pwani. Kebo inayotoka Zanzibar kwenda Msumbiji lazima ipite, hata kama ni mbali baharini, mbele ya mdomo wa Ruvuma. Yaani habari za London zilikuwa zikipita mbele ya nchi yetu zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Zilipita tu.

Nimeanza kuwaza habari hizi kwa sababu ya tundu. Tunajenga nyumba ya familia Mtawanya. Tumeshapaua, fundi umeme anachimba mifereji ukutani kwa ajili ya wayaringi, na baada yake ni plasta. Ramani ya nyumba tulipewa na jamaa aliyeitumia zamani, na sebuleni, karibu na dirisha, ina alama ya simu ya mezani. Fundi alicheka. "Kaka, hii ramani ya enzi za Nyerere. Siku hizi nani anavuta simu ya waya?" Mjomba, aliyekuwa amekaa juu ya matofali yaliyobaki, hakucheka. Alisema, "Mwekeeni bomba lake. Wenzenu tuliisubiri hiyo."

Sikumjibu, ila nilijua anachosema. Kwetu waya uliifuata ofisi. Wajerumani walijenga boma la Mikindani mwaka 1895, na mawasiliano yao yalikuwa ya boma kwa boma. Waingereza wakaja na mradi wa karanga wa mwaka 1947. Mashamba yalikuwa Nachingwea, na kwa ajili yake wakachimba bandari ya kina kirefu Mtwara, wakajenga reli na kupanga mji mpya kabisa. Karanga zilishindwa. Reli ikafungwa mwaka 1962. Mji ukabaki na barabara pana kuliko magari yake, na simu zikabaki pale zilipotakiwa: bandarini, serikalini, benki, na kwenye nyumba za wakubwa kule Shangani.

Baada ya uhuru mambo hayakubadilika haraka. Kuanzia 1967 simu za nchi tatu ziliendeshwa na shirika moja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao makuu yakiwa Kampala. Fikiria mkulima wa korosho wa wilaya ya Mtwara akiomba laini ambayo bosi wake wa mwisho yuko Uganda! Jumuiya ikavunjika 1977, Tanzania ikaunda shirika lake la Posta na Simu, na mwaka 1994 simu zikatenganishwa na posta, ndipo TTCL ikaanza. Foleni ya waombaji iliendelea. Kufikia mwaka 2000 nchi nzima ilikuwa na laini za mezani kama 170,000, nyingi zikiwa Dar es Salaam, wakati sensa ya 2002 ilihesabu watu zaidi ya milioni 34. Laini moja, watu mia mbili.

Sisi wengine tulikuwa na redio. Ndugu akifa Dar es Salaam, familia ililipia tangazo la kifo Radio Tanzania, na huku kijijini mtu alikaa karibu na redio saa ya matangazo akisikiliza majina ya watu asiowajua, akiomba asisikie analolijua. Kaka yake Mjomba alifariki katika miaka ya themanini. Betri za redio yetu zilikuwa zimeisha. Tulikuwa tumezianika juani ili zipate nguvu kidogo, kama ilivyokuwa kawaida. Jirani aliyesikia alikuja asubuhi ya pili. Huko mjini walikuwa wameshazika.

Kwa hiyo ninapomsikia Mjomba akidai bomba la simu, simwoni mzee aliyepitwa na wakati.

Na ajabu ni kwamba kazi yenyewe ni ndogo mno. Simu ya mezani inataka nyaya mbili tu, nyembamba kuliko za taa. Zinatoka kwenye nguzo, zinapita kwenye kizuizi cha radi chenye waya wa ardhini, zinaingia kisandukuni, zinaishia kwenye soketi. Umeme wake, kama volti 48, unatoka kwenye betri za kituo cha simu, ndiyo maana taa zikikatika nyumba nzima simu ya waya bado inalia. Unachotakiwa ni kuitenga na nyaya za umeme mkubwa, la sivyo utasikia mvumo kila ukiongea, na kufunga maungio yake vizuri, maana hewa yetu ya chumvi huila shaba mpaka ikawa ya kijani. Siku moja ya fundi. Kilichokosekana miaka yote ile kilikuwa nguzo, yaani mtu wa kuamua kwamba huku nako kuna wa kuongea naye.

Simu za mkononi ziliturusha hatua hiyo. Mobitel ilianza 1994, Vodacom 2000, na baada ya hapo minara ikatufuata hadi vijijini. Tukaamini tumeachana na waya.

Fundi ameweka bomba. Lina kona pana, kwa sababu faiba ni kioo na haipendi kukunjwa, na ndani yake kuna uzi wa nailoni wa kuvutia waya utakapokuja. Waya upo, ila haujafika mlangoni: mnara unaotuhudumia hauwezi kutoa intaneti bila mkongo wa nchi kavu, na mkongo hauna maana bila kebo za baharini, Seacom ya mwaka 2009 na EASSy ya 2010, zinazopita pwani hii hii na kushuka Afrika Kusini kama ile ya 1879. Tarehe 12 Mei 2024 zote mbili zilikatika baharini, upande wa kusini mwa Msumbiji, na intaneti ikazorota Tanzania nzima. Mpwa wangu alinunua bando mara mbili siku hiyo, akidhani la kwanza limeliwa.