Jinsi Watenda Kazi Walivyopatikana katika Ufipa

Katika vitabu vya jubilei twazoea kusoma majina ya maaskofu na miaka ya kuanzishwa kwa misioni. Si vibaya. Lakini aulizaye jinsi walivyopatikana makatekista, masista na wajenzi hawezi kujibiwa kwa majina hayo peke yake. Wengi wao waliitwa na mtu mwenzao, njiani au penye chungu cha pombe, na mwito wa namna hiyo ni nadra kuandikwa.

Nchi yetu ilikuwa imekwisha kuzoea kupashana habari kwa mdomo. Wazee husimulia kwamba Milanzi ndiko kulikokuwa kiti cha kwanza cha Ufipa, kabla ya wanawake wageni wa ukoo wa Watwa kuja na kuutwaa utawala. Baadaye zikawako enzi mbili za Watwa, Nkansi na Lyangalile. Lakini Mwene wa Milanzi alibaki na heshima yake ya kale. Hayo yote yamehifadhiwa vinywani mwa watu. Na kazi iliitwa vivyo hivyo: mwenye shamba alipika pombe ya ulezi, akapeleka neno kwa majirani, nao wakaja na majembe yao. Asiyekwenda kwa mwenzake alijua kwamba siku yake atalima peke yake.

Mapadre Weupe walipoipokea Karema mwaka 1885, katika boma lililojengwa na Wabelgiji kando ya ziwa Tanganyika, hawakupata watu wa nchi mara moja. Waliotangulia kukaa nao walikuwa hasa watumwa waliokombolewa na watu waliokimbia vita. Tena sheria ya Kardinali Lavigerie, ya kwamba mtu afundishwe miaka minne kabla ya Ubatizo, haikuwavuta wenye haraka. Hata hivyo twaona kwamba miaka hiyo ilifanya kazi ambayo pengine haikukusudiwa: mwanafunzi alikwenda na kurudi, akasimulia nyumbani aliyoyasikia, hata jirani akapata kuyajua mafundisho kabla ya kumwona Padre.

Mwaka 1889 alifika Karema Adrien Atiman. Huyu alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni, akauzwa, akakombolewa na Mapadre, kisha akasomeshwa utabibu katika Malta. Alikaa Karema, tabibu na katekista, hata alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Mgonjwa aliyepona hakuhitaji kutumwa kuhubiri. Alirudi kwao kwa miguu yake mwenyewe, na kila aliyemwona alimwuliza ni nani aliyemponya. Mwana wa Atiman, Joseph, alipata upadre.

Mwaka 1907 Bwana Askofu Lechaptois alianzisha shirika la masista wa nchi hii, Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Hapo ndipo palipokuwa na uzito. Kijana wa kiume kukaa misioni halikuwa jambo geni sana, kwa kuwa watoto wa Kifipa walizoea kutoka mapema nyumbani kwa wazazi na kulala pamoja na wenzao au kwa bibi. Mmoja akienda, rafiki zake walimfuata. Wala tusione haya kusema kwamba wengine walimfuata rafiki, na dini ikaja nyuma. Bali msichana asiyeolewa kamwe, hilo lilikuwa neno jingine. Baba alikosa mahari, mama alikosa wajukuu, nao hawakuwa wapumbavu kwa kulalamika. Padre angeweza kuhubiri juma zima asimtulize mama huyo. Aliyeweza kusema naye ni ndugu yake, au jirani ambaye binti yake alikuwa ametangulia.

Basi neno la mdomo lilifanya kazi pande zote mbili. Jikoni humo humo shangazi alisema, “Mwache mtoto aende,” na bibi akasema, “Nani atanizika?” Wako walioondoka kwa baraka, na wako walioondoka bila kuaga.

Na sista kijana alipokuja kuwaamkia wazazi wake, wasichana wa kijiji walikusanyika kutazama kitambaa chake cha kichwani. Walimwuliza huko wanakula nini, wanalala na nani, na kama kazi ni nyingi. Mama yake alikaa kando akichambua mboga, asiseme neno, akisikiliza majibu.