Watoi wa Kaloleni wako rafu gani?

Wasee, Maktaba ya McMillan ilifunguliwa tao mwaka wa 1931, na ilikuwa ya wazungu pekee. Kaloleni ikajengwa miaka ya 1940, mtaa wa wafanyakazi Waafrika. Maktaba zetu za Kaloleni na Makadara zilikuja baadaye. Book Bunk, iliyoanza 2017, ikazikarabati. Sawa, mlango uko wazi. Lakini kwa rafu, watoi wa hapa wameandika vingapi?

Na kuchapa si ngumu. Mtoto anachonga picha ya ploti yao kwenye kipande cha mpira, herufi anazichonga kinyume (hapo ndipo wengi huchapia), anapaka wino, anabonyeza karatasi, anashona kurasa. Hicho ni kitabu. Kipewe namba ya maktaba, kiazimwe kama vingine. Kukibandika ukutani siku moja ya wageni halafu kipotee, hapana.