Wageni wa Kakuma: Habari za Wakimbizi Katika Nchi ya Turkana



Halmashauri imetuagiza tuandike, baada ya hesabu za fedha, habari za wakimbizi wakaao kwetu. Sababu yake mwaijua. Tangu Serikali ilipotangaza Mpango wa Shirika mwezi wa Machi 2025, unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa makao ambamo mkimbizi na mwenyeji watatumia shule moja, soko moja na hospitali moja, hapana mkutano wetu uliokosa neno la Kakuma. Vijana husema kwamba kukimbia nchi ni jambo la watu wengine. Wazee husema kwamba ardhi ilitwaliwa pasipo kuombwa. Tumeyapima maneno hayo mawili kwa kadiri tulivyoweza.

Neno la vijana halina msingi. Mwaka 1918 Waingereza walipeleka jeshi kubwa kaskazini ya Turkana, wakatwaa ng'ombe, ngamia na mbuzi wasiohesabika, na watu waliokataa kutii pamoja na kiongozi wao Ebei wakajihifadhi kwenye mipaka ya Abyssinia. Wakati ule hapakuwa na jina la mkimbizi wala karatasi ya kumwandikia. Walakini wale walikuwa wakimbizi, nao walikuwa babu zetu. Kisha nchi hii ikafanywa mahali pa kutupia watu. Mzee Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa Lokitaung, na mwaka 1959 yeye akaletwa hapa Lodwar, akakaa chini ya ulinzi hata mwaka 1961. Na katika miaka ile ile, 1960 na 1961, njaa iliwatoa Waturkana wengi malishoni ikawakusanya katika kambi za chakula. Njaa ya 1979 hata 1981 ilifanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kupanga foleni ya posho tulikujua kabla ya mgeni wa kwanza kufika Kakuma.

Sasa tuje mwaka 1992. Sisi tuandikao tulikuwa bado twabebwa mgongoni, lakini wazee wengi waliona kwa macho yao. Vita vya Sudan vilianza mwaka 1983, na vijana wanaume kwa maelfu, wengi wao watoto wasio na baba wala mama, wakaenda kwa miguu mpaka Ethiopia. Serikali ya Mengistu ilipoanguka mwezi wa Mei 1991, walifukuzwa huko kwa bunduki. Wengi walikufa katika mto Gilo, wengine kwa risasi na wengine kwa maji. Wakarudi Sudan, wakafika Kapoeta katika nchi ya Watoposa, ambao lugha yao na yetu ni ndugu ingawa mara nyingi twaibiana ng'ombe. Kapoeta ilipotekwa mwaka 1992 wakavuka mpaka mpaka Lokichoggio, na kutoka hapo wakasogezwa yapata kilometa 95 kuja Kakuma, ili wawe mbali na vita. Kando ya mto mkavu wa Tarach ndipo kambi ilipoanza.

Je, ni nani aliyewakinga? Kenya ilikuwa imeingia katika Mapatano ya Wakimbizi ya 1951 tangu mwaka 1966, na mwaka ule ule wa 1992 ikathibitisha mapatano ya Umoja wa Nchi za Afrika ya 1969. Mapatano hayo ya Afrika yasema mambo mawili ambayo kila mzee apaswa kuyafahamu: kwamba mtu aliyekimbia vita na machafuko makubwa ni mkimbizi hata kama hakuwindwa yeye binafsi, na kwamba harudishwi kwao isipokuwa kwa hiari yake. Hata hivyo nchi yetu haikuwa na sheria yake yenyewe ya wakimbizi mpaka mwaka 2006. Kwa miaka kumi na minne mlango ulikuwa wazi, lakini mgeni hakuruhusiwa kwenda mbali nao. Aliambiwa akae kambini, asifuge mifugo, asubiri.

Hapa neno la wazee lapata nguvu. Mapatano yaliandikwa Geneva na Addis Ababa; kuni zilikatwa Kakuma. Hapana kifungu kilichosema ni nani atakayemlipa mwenyeji mti wake. Wanawake wa kambini waliotoka kutafuta kuni walipigwa na kudhulumiwa porini, na jambo hili ni aibu ambayo hatuwezi kuificha katika kitabu chetu wenyewe. Lakini mama wa Kiturkana naye alitembea usiku kucha na mzigo wa makaa, akaubadilisha kwa kopo la unga, na unga huo ulikuwa wa mkimbizi. Basi ni nani aliyemlisha mwenzake?

Amani ya Sudan ya mwaka 2005 iliwarudisha wengi kwao, tukadhani kambi imekwisha. Desemba 2013 vita vikaanza tena katika Sudan Kusini, wakaja watoto wa wale watoto. Wengine walikuwa wamekwisha kuja kutoka Somalia, Ethiopia, Kongo na Burundi, na leo jumla yao, pamoja na Kalobeyei, yakaribia laki tatu. Mwaka 2021 Serikali ilitangaza kwamba kambi zitafungwa ifikapo tarehe 30 Juni 2022. Siku ile ilipita kama siku nyingine.

Kalobeyei twaitaja kwa makusudi. Kabla ya kufunguliwa mwaka 2016, palikuwa na mazungumzo na wenyeji na Serikali ya Kaunti juu ya ardhi, na shule na zahanati zikawekwa kwa ajili ya pande zote mbili. Hatusemi kwamba yote yalitimizwa. Maji bado ni haba, na mashamba ya huko yategemea mvua isiyonyesha. Lakini waliulizwa. Benki ya Dunia ilipotoa uchunguzi wake wa soko la Kakuma mwaka 2018 ilionyesha maduka zaidi ya 2,000 na biashara ya dola milioni 56 kwa mwaka, na wenye mbuzi wa Lodwar walilijua hilo kabla ya Benki.

Mwaka 2025 posho ya kambini ilipunguzwa vibaya, na kukawa na fujo. Bei ya makaa ikashuka siku zile zile, maana mnunuzi hakuwa na unga wa kutoa.

Mkutano wa kuujadili Mpango wa Shirika utafanywa Lodwar baada ya kitabu hiki kugawanywa. Halmashauri yaomba kila mzee aliyekuwapo Kakuma mwaka 1992 aje kabla ya siku hiyo aeleze ni visima vipi na malisho yapi yaliyotumika wakati ule, na ni nani aliyeulizwa. Daftari liko mezani ofisini, nasi tutaandika kama atakavyosema.