Makao na Mazoezi katika Mji wa Likasi

Mchezaji wa mpira wa meza hawi stadi kwa kupiga ovyo siku nzima, bali kwa kuukariri mpigo mmoja, jioni baada ya jioni, mbele ya mwenziwe yule yule aliyekwisha kuyajua makosa yake. Na sharti la kwanza la elimu hiyo ni makao. Basi atakaye kuijua tarikhi ya michezo ya Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo ulioitwa Jadotville hata mwaka 1966, na aanzie katika mikataba ya kazi.

Hapo awali vibarua wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya migodi iliyoasisiwa 1906, waliletwa kutoka mbali kwa miezi michache, kisha wakarejea kwao. Na mtu wa hali hiyo hana wasaa wa kuunda timu. Lakini kuanzia mwaka 1928 hivi, kampuni, kwa kuona gharama ya kuajiri daima watu wapya, ilishika mikataba ya miaka 3, ikahimiza wake na watoto wakae kambini, na shule zikawa mikononi mwa wamisionari Wakatoliki. Hapo mazoezi yakawezekana. Wala haikuwa hisani tupu, maana kampuni ilitaka miili yenye siha kwa ajili ya migodi na tanuri zake. Na hata uwanja wa mchezo haukuwa kinga: Desemba 1941, wafanyakazi wake wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, waliogoma kudai ujira walipigwa risasi na askari katika uwanja wa kandanda.

Nawasihi vijana wa Likasi wawaendee wazee wa kambi na kuandika habari za michezo yao, kabla hazijapotea.