Bei ya Rafiki: Kauboi wa 1902 na Kauboi wa 1997

Wengi wetu tulimjua kauboi kabla hatujaweza kuionyesha Marekani kwenye ramani. Tulibanana kwenye mabenchi ya banda la video, mbele yetu stelingi mwenye kofia pana, na sheria ilikuwa moja tu: stelingi hafi. Anaua wanaostahili kuuawa, anampata mrembo, anapanda farasi wake anaondoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mshahara wake analipwa na nani. Mimi nilikuja kuliuliza swali hilo nikiwa mtu mzima, tena kwa bahati, baada ya kununua nakala chakavu ya riwaya ya Owen Wister, *The Virginian*, kwa muuza vitabu vya mitumba.

Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1902, na wahakiki wengi huihesabu kuwa mama wa riwaya za kauboi. Niliisoma sambamba na hadithi fupi ya Annie Proulx, *Brokeback Mountain*, iliyochapishwa katika jarida la The New Yorker mwezi Oktoba 1997 na kufanywa filamu mwaka 2005. Kazi zote mbili zinatokea Wyoming. Nilipozipeleka kwenye semina, mwenzetu mmoja alisimama akasema hiyo ya pili si hadithi ya kauboi hata kidogo. Eti ni mambo ya kisasa yaliyovishwa kofia, na haifai kuwekwa meza moja na ya Wister. Wengine waligoma kuisoma kabisa, kwa kuwa wapenzi wenyewe ni wanaume wawili. Sikuwa na jibu siku ile. Makala haya ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa.

Tuanze na historia, maana bila historia hatutamwelewa Wister. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1860 katika familia ya watu wenye nafasi, akasoma Harvard, na mwaka 1885 afya yake ilipozorota akapelekwa Wyoming kupumzika. Alifikia kwenye ranchi ya bwana mmoja aitwaye Frank Wolcott. Naomba msomaji alishike jina hilo.

Wakati huo sehemu kubwa ya malisho ya Wyoming ilikuwa ardhi ya umma, lakini makundi makubwa ya ng'ombe yalikuwa ya mabepari wachache, wengine wakiishi Uingereza na miji ya mashariki. Kauboi alikuwa kibarua. Alilipwa dola 30 hadi 40 kwa mwezi, na msimu ukiisha wengi waliachishwa kazi. Aliyekuwa na akili ya maisha alijitafutia kiwanja na ng'ombe wake wachache. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mwaka 1884 chama cha wafugaji wakubwa kilifanikiwa kupitisha sheria kwamba ndama anayekutwa malishoni bila chapa ni mali ya chama. Kibarua aliyekuwa na chapa yake mwenyewe alihesabiwa mwizi mtarajiwa, akanyimwa kazi. Kisha baridi kali ya 1886 na 1887 iliua ng'ombe kwa maelfu, na wakubwa waliopata hasara wakatafuta wa kumlaumu.

Mwezi Julai 1889 walinyongwa mwanamke mmoja, Ella Watson, na mwenzake Jim Averell. Wote wawili walikuwa na viwanja katikati ya malisho ambayo wakubwa waliyaona kuwa yao. Waliofanya kazi hiyo hawakuhukumiwa. Aprili 1892 likaja kubwa zaidi. Wanaume wapatao 50, karibu nusu yao wakiwa wapiga bunduki waliokodiwa kutoka Texas, waliingia wilaya ya Johnson wakiwa na orodha ya watu wa kuuawa. Siku ya tarehe 9 walimuua Nick Ray na Nate Champion. Champion alipigana peke yake kutwa nzima ndani ya kibanda, huku akiandika yanayompata kwenye kijitabu cha mfukoni, mpaka walipokichoma moto kibanda akatoka mbio na kupigwa risasi. Wananchi wa Buffalo wakakasirika, wakawazingira wavamizi kwenye ranchi nyingine. Kilichowaokoa wavamizi ni jeshi la serikali kuu. Kesi ilifutwa mwaka uliofuata. Na kiongozi wao alikuwa nani? Frank Wolcott, mwenyeji wa Wister.

Sasa turudi kwenye riwaya. Mhusika mkuu hatajwi jina. Anaitwa tu Mvirginia, kwa kwao alikotoka. Msimulizi ni mgeni wa mashariki ambaye, tangu anapochungulia dirishani mwa treni pale Medicine Bow na kumwona kijana huyu akimnasa farasi kwa kamba, anapagawa naye. Sisemi hivi kwa mzaha. Soma kurasa za mwanzo utaona jinsi msimulizi anavyousifu mwili, sauti na mwendo wa mwanamume huyu, mpaka kuna mahali anajiwazia kwamba angekuwa mwanamke angeolewa naye. Hayo ni ya mwaka 1902. Mwenzetu wa semina hakuyaona, au aliyaruka.

Mvirginia ana rafiki aitwaye Steve. Wamekula pamoja, wamelala pori moja, na Steve ndiye mtu anayemwita kwa jina la utani ambalo wengine hawalitumii. Halafu Mvirginia anapandishwa cheo, anakuwa nyapara wa ranchi ya Jaji Henry. Steve anaingia kwenye genge la wizi wa ng'ombe. Anakamatwa, na kikosi kinachomnyonga mtini bila kesi wala hakimu kinaongozwa na Mvirginia mwenyewe. Steve hamsemeshi rafiki yake mpaka dakika ya mwisho. Anaacha ujumbe mfupi tu, aliouandika kwa penseli kwenye gazeti, akieleza kwamba angesema angelegea. Baadaye, njiani milimani, jitu hili lisilotikisika linalia.

Hapa nampa Wister haki yake. Mwandishi wa kiwango cha chini angemfanya Steve kuwa mtu mbaya ili tusisikitike. Wister hakufanya hivyo. Sehemu hii inauma kuliko kurasa zote za uchumba wa Mvirginia na mwalimu Molly Wood kutoka Vermont, ambazo, kusema kweli, mimi zilinichosha.

Lakini tazama kinachofuata. Molly anasikia habari za kunyonga, moyo unamgeuka. Ndipo Jaji Henry, mwenye ng'ombe, anamweka kitako na kumfafanulia kwamba kunyonga bila kesi huku Wyoming si sawa na kule Kusini wanakochomwa watu weusi: huku wananchi wanairudisha mikononi mwao sheria ambayo mahakama zimeshindwa kuisimamia. Hoja imepangwa vizuri. Ila mwenye hoja ndiye mwenye mali, na aliyenyongwa ni kibarua wake wa zamani. Wister aliyajua ya mwaka 1892. Mwishoni mwa riwaya anavigusa vita vya ng'ombe kwa sentensi chache, na lawama zote anawatwika wezi. Wapiga bunduki wa kukodiwa hawamo. Champion na kijitabu chake hayumo.

Na malipo? Mvirginia anamuua adui yake Trampas mkesha wa harusi, anaoa, anakuwa mshirika wa Jaji, na ardhi aliyojipatia inagundulika kuwa na makaa ya mawe, reli inajengwa mpaka hapo. Yaani rafiki ameuzwa, na bei imelipwa kwa mke, cheo na makaa ya mawe. Najua neno "kuuza" ni kali. Nimetafuta jingine sikulipata.

Proulx alihamia Wyoming miaka ya 1990, akiwa na miaka karibu 60. Ameeleza kwamba hadithi ilimjia baada ya kumwona baani mzee mmoja, mfanyakazi wa ranchi, akiwatazama vijana wakicheza pool kwa macho yaliyomfanya ajiulize. Akachora vijana wawili ambao hawajafika miaka 20, Ennis del Mar na Jack Twist, ambao kiangazi cha 1963 wanapata kibarua cha kuchunga mlimani. Kuchunga nini? Kondoo! Kwa msomaji wa Wyoming hiyo ni kejeli ya wazi, kwa kuwa wenye ng'ombe waliwachukia wachunga kondoo mpaka kuwaua. Mwezi Aprili 1909, karibu na Ten Sleep, wafuga kondoo watatu waliuawa usiku kambini mwao. Safari hiyo wauaji walifungwa, na mauaji ya aina hiyo yakapoa. Kwa hiyo hawa "makauboi" wa Proulx wameajiriwa katika kazi ambayo kauboi wa riwaya za zamani angeitemea mate.

Jambo la kwanza wanaloambiwa na mwajiri, Aguirre, ni kuvunja sheria. Idara ya misitu inataka wachungaji walale kwenye kambi iliyopangwa. Aguirre anataka mmoja alale kwa siri karibu na kondoo, bila moto. Ni huko milimani, kwenye baridi, ndiko mapenzi yao yanakoanzia. Siku moja Aguirre anawaona kwa darubini. Hasemi kitu. Mwaka unaofuata Jack anaporudi kuomba kazi anafukuzwa. Linganisha na Jaji Henry: mwenye mali bado ndiye mwenye jicho na ndiye mwenye hukumu, ila sasa mwandishi amehamia upande wa anayetazamwa.

Kwa karibu miaka 20 wanaume hawa, kila mmoja na mke na watoto, wanakutana mara moja moja kwa kisingizio cha kuvua samaki. Jack anamsihi wafungue ranchi ndogo pamoja. Ennis anakataa, na sababu yake ndiyo kiini cha hadithi. Alipokuwa na miaka tisa baba yake alimchukua makusudi kwenda kuiona maiti ya mzee Earl, aliyekuwa akiishi na mwanamume mwenzake, akauawa kikatili kwa chuma cha kufungulia tairi na kutupwa mtaroni. Ennis haondoi uwezekano kwamba baba yake mwenyewe alishiriki. Niliposoma hapo nilimkumbuka Steve. Ni kamba ileile! Kuna watu wanaua bila kesi, hakuna anayeshitakiwa, na maiti inaachwa ionekane ili kibarua ajifunze mipaka yake. Kwa Wister mauaji hayo tuliyatazama tukiwa pamoja na wanyongaji, tukaelezwa na Jaji kwamba ni ustaarabu. Kwa Proulx tunayatazama kwa macho ya mtoto anayeburutwa kwenda kufundishwa.

Hii ndiyo sababu nasema mwenzetu alikosea. *Brokeback Mountain* imetoka ndani ya tumbo la *The Virginian*, si nje yake. Swali ni lilelile: kauboi anaambiwa amtoe mwenziwe ili apate nafasi katika jamii. Mvirginia alimtoa akapewa. Ennis anashindwa kumtoa na anashindwa kumchukua, na hapati kitu: talaka, vibarua vya hapa na pale, mwisho anaishi kwenye nyumba ya trela katika ranchi ambayo sasa imeuzwa, hajui pa kwenda. Jack naye anakufa akiwa bado kijana. Mkewe anasema ni ajali ya tairi. Ennis anawaza chuma.

Ninayo lawama moja kwa Proulx. Alma, mke wa Ennis, aliyewaona kwa macho yake pale ngazini na akanyamaza miaka kadhaa huku akifanya kazi dukani ili watoto wale, anapewa kurasa chache mno. Molly anameza msimamo wake ili aolewe; Alma anameza aliyoyaona ili nyumba isimame. Bei ya rafiki inalipwa na wanawake pia, na kwa hilo waandishi wote wawili wamekuwa wachoyo wa wino.

Wapo watakaosema hadithi ni hadithi, Proulx ametia chumvi. Hadithi ilichapishwa Oktoba 1997. Oktoba 1998, katika mji wa Laramie, Wyoming, kijana Matthew Shepard, mwanafunzi wa chuo kikuu kama sisi, alipigwa na vijana wawili, akafungwa kwenye uzio wa malishoni na kuachwa usiku kwenye baridi. Alifariki siku chache baadaye. Wauaji wake walihukumiwa kifungo cha maisha. Medicine Bow, mahali ambapo msimulizi wa Wister alichungulia dirishani, haiko mbali na hapo. Ni safari fupi kwa gari.

Baada ya mazishi Ennis anakwenda kwa wazazi wa Jack, kwenye shamba dogo lililochakaa. Baba anakataa majivu yasipelekwe mlimani. Ndani ya kabati la chumba cha utotoni Ennis anakuta shati kuukuu la Jack lenye damu iliyokauka mkononi, damu yake Ennis ya siku ile ya mwisho kazini mwaka 1963. Ndani ya shati hilo, mikono ndani ya mikono, limevishwa shati lake mwenyewe, ambalo miaka yote alidhani lilipotelea kwa dobi. Mama mtu anayaweka kwenye mfuko wa karatasi. Ennis anayachukua, anaagiza kadi yenye picha ya ule mlima, ya senti 30, anaibandika ukutani kwenye trela na kuyatundika mashati chini yake kwa msumari.